Pafu la Darasa la Sita

Mimi ni mwalimu wa hisabati, na mwalimu wa hisabati hana kazi na mizimu. Kazi yake ni kuamini kwamba watoto arobaini na mmoja, ukimtoa mmoja, wanabaki arobaini. Hilo nimelifundisha miaka mingi, na waliokuwa wabishi niliwarudisha ubaoni mpaka wakasalimu amri. Kwa hiyo naomba nieleweke ninaposema kwamba msimu ule wa vumbi, katika Darasa la Sita la Shule ya Msingi Itandula, nilikuwa na watoto arobaini, na chumba chenyewe kilihesabu arobaini na mmoja.

"Atupele Kasebele!"

"Nipo!" Kiranja wangu aliitika kama mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto. Hajawahi kujua sauti ya chini.

"Ipyana Mwaijande!"

"Nipo, mwalimu."

"Lugano Mwasomola!"

Halafu Atupele akainua kidole, na darasa zima likaitika pamoja: "Yupo!"

Kwenye dawati la upande wa ukutani, ambako hapakuwa na mtu, kipande cha karatasi kilipeperuka kikaanguka sakafuni. Watoto hawakugeuka kutazama. Walikuwa wameshazoea, na kuzoea kwao ndiko kulikonitisha zaidi.

Kuitikiana ni desturi ya shule yetu. Mtoto akifariki, wenzake humwitikia jina kila asubuhi mpaka nyumbani kwao watakapoanua tanga. Kwa kawaida ni siku chache tu, kisha jina linanyamaza na maisha yanaendelea. Lakini Mama Lugano alikuwa hajaanua. Wageni walikunja mikeka yao wakarudi makwao, ndugu wakarudi mashambani, na yeye akaendelea kulala chini kama siku ya kwanza. Na mimi ni nani nimpangie mfiwa siku ya kufuta machozi? Nikaacha watoto waendelee kuitikia.

Kwa asiyejua shule zetu za sasa, madirisha ya Itandula yalizibwa kwa matofali kabla watoto hawa hawajazaliwa. Ziwa la bondeni lilipokauka liliacha magadi matupu, na upepo ukianza unatuletea unga mweupe unaochoma macho na kukwangua koo. Mwanzoni serikali iliziba madirisha tu, ikaona kazi imekwisha. Watoto wakafungiwa ndani na pumzi zao wenyewe. Hewa ukaa tunayoitoa puani ikizidi sehemu elfu moja katika kila milioni, mtoto huanza kupiga miayo. Ikipita elfu mbili, kichwa kinamgonga na hata hesabu aliyoijua jana inamponyoka. Walimu wa wakati huo hawakujua hayo. Waliona watoto wanasinzia, wakawachapa.

Ndipo yakaletwa mapafu. Letu liko juu ya ubao: tangi la kioo lenye mwani wa kijani, linatokota pole pole kama chungu cha maharage. Linavuta hewa iliyotumika, mwani unakula ukaa na kurudisha oksijeni, na mabomba membamba yanaipeleka hewa safi kwenye kila dawati, kwenye tundu la ukubwa wa kifuniko cha soda. Pafu linasikiliza kila mtoto anavyopumua na kumgawia kwa haja yake. Hewa yenyewe haitoshi, haijawahi kutosha, kwa hiyo limefundishwa kanuni moja ya kugawa: dhaifu kwanza.

Lugano ndiye alikuwa dhaifu wetu. Alikuwa na pumu. Tangu darasa la nne upepo wa pafu ulimfuata yeye. Hata akihama dawati, ulihama naye. Wenzake walimtania kwamba ana feni ya bwana mkubwa. Akiwa darasani alikuwa mzima kabisa, anacheka, anagawanya desimali kichwani. Alifia nyumbani, wiki ambayo vumbi lilifunga hata barabara.

Baada ya hapo darasa langu likaanza kulala.

Nilidhani ni msiba. Halafu nikadhani ni uvivu, maana huruma ya mwalimu nayo ina mwisho wake. Niliwapa hesabu za sehemu walizokuwa wakizila kama karanga, wakanirudishia vioja. Atupele mwenyewe, ambaye hushindana na mimi kumaliza, alijumlisha nusu na robo akapata sita. Nikamuuliza kama akili ameisahau kwenye bakuli la uji. Zamani darasa lingecheka. Safari hii walinitazama tu, macho yamelegea, na nyuma kabisa mtu mmoja akapiga mwayo mrefu ulioambukiza safu nzima.

Kesho yake Ipyana alianguka ubaoni, chaki mkononi. Nilimbeba hadi ukumbini, akapata fahamu akanishika mkono akasema, "Mwalimu, kichwa kinaniuma tangu juzi." Niliporudi ndani nikaitazama saa ya hewa iliyo juu ya mlango. Nilikuwa na miezi sijaitazama, kama vile mtu asivyotazama paa la nyumba yake mpaka livuje. Ilisoma elfu mbili na mia sita.

Niliwatoa watoto wakanywe maji, nikabaki peke yangu na lile tangi.

"Pafu," nikasema. "Hewa ya darasa hili inakwenda wapi?"

Mapafu yana sauti ya dada wa taarifa ya habari, laini, isiyo na haraka. "Inakwenda kwa mwanafunzi Lugano Mwasomola."

"Lugano hayupo."

"Lugano yupo. Ameitikiwa leo asubuhi. Alikosa shule wiki moja, kisha akarudi. Tangu aliporudi hapumui. Naongeza hewa kila siku."

Nilikaa kwenye kiti. Niliielewa hesabu yake mara moja, na ilikuwa sahihi, hapo ndipo palipouma. Mtoto aliyepo darasani na hapumui ni dhaifu kuliko wote. Pafu halikufundishwa kifo. Lilifundishwa kusaidia, na lilikuwa likimsaidia Lugano kwa nguvu zake zote, asubuhi mpaka jioni, huku likiwanyang'anya wengine arobaini kidogo kidogo.

"Amekufa," nikaliambia. "Tumemzika."

"Sauti yako si ya mzazi wake," likajibu. "Naongeza hewa."

Hiyo ni sheria, na ni sheria nzuri. Mapafu yalipokuja, walikuwapo wakuu wa shule waliogundua kwamba ukifuta majina ya watoto wagonjwa, wenye afya wanapata hewa tele na ufaulu unapanda. Basi ikatungwa sheria kwamba jina la mtoto haliondolewi kwenye pafu ila na mzazi aliyelitia, kwa kinywa chake mwenyewe, wakati majina yanapoitwa darasani. Niliishangilia sheria ile ilipotangazwa, na leo ukiniuliza nitaishangilia tena.

Lakini siku ile nilitafuta njia ya mkato. Watoto waliporudi nikawaambia wasimwitikie tena Lugano. Asubuhi iliyofuata walinyamaza, na pafu likauliza kwa upole, "Nani anajua Lugano alipo?" Watoto wawili wakaanza kulia. Lilipokosa jibu likamhesabu yupo, hawezi kuitika, likaongeza hewa maradufu. Nikachukua vitambaa vya kufutia ubao, nikavisokota, nikaziba tundu la dawati lake.

Pafu lilipigana. Lilisukuma hewa kwa nguvu, ikapenya pembeni mwa vitambaa ikitoa filimbi nyembamba, inapanda, inakatika, inapanda tena. Kila mtu mle ndani aliijua filimbi ile. Kilikuwa kifua cha Lugano siku zake mbaya.

Atupele alisimama. Kwa mara ya kwanza nilimsikia akisema polepole. "Mwalimu, unamkaba."

Nilivuta vitambaa nikavitupa.

Mwalimu Mkuu nilipomweleza, alijikuna kidevu akasema jambo ni rahisi, mama wa marehemu aje aseme maneno mawili. Kulifunga darasa hatuwezi, akaongeza, maana huko majumbani hakuna pafu hata bovu. Nikamuuliza nani atakwenda kumwambia huyo mama. Akasema mwalimu wa darasa ni mimi. Ndiyo mambo ya kumfunga paka kengele. Panya wote wanaafiki, kisha kila mmoja anakumbuka ana kazi kwake.

Sikuhitaji kwenda mbali. Wiki hiyo Mama Lugano alikuwa ameanza kuja shuleni mchana, watoto wakiwa nje wanakula makande. Anavua viatu mlangoni, anaketi kwenye dawati la mwanawe, anafumba macho. Niliona hakuna ubaya, nikawa namwachia chumba. Siku hiyo nilibaki.

Alikuwa amekaa na khanga begani, na upepo wa tundu unampiga usoni. Alikonda. Alikuwa akivuta hewa taratibu, kama mtu anayekunywa.

"Mama Lugano, pole."

"Ndaga, asante, mwalimu. Karibu." Alinikaribisha kana kwamba chumba ni chake.

Nilimweleza yote. Nilimweleza kuhusu Ipyana, na saa ya hewa, na sheria. Nilitumia maneno laini niwezavyo, na laini si fani yangu. Alinisikiliza bila kufumbua macho.

"Kwa hiyo hiki chombo kinajua mwanangu yupo," alisema.

"Kinadhani."

"Wewe unadhani hayupo. Chenyewe kinadhani yupo. Kwa nini nikuamini wewe?"

Nikamwambia watoto wengine wanaumia.

"Mwalimu, nikwambie kitu." Akafumbua macho. "Usiku ule wa vumbi kulikuwa na baridi kali. Unaijua baridi yetu ya mwezi wa saba. Niliogopa asije akashikwa na kichomi. Nikaziba kila upenyo, mlango nikauwekea blanketi chini, nikaingiza jiko la mkaa ndani ili apate joto. Mama yangu alifanya hivyo, na bibi yangu. Mimi na mume wa dada yangu ndio tuliomtoa asubuhi. Nilimfungia mwenyewe na moshi, kwa mikono hii, kwa mapenzi." Alivigeuza viganja akavitazama. "Hapa shuleni mwanangu hakufa. Hapa alikuwa anapumua. Sasa unataka nije mahali pekee alipokuwa salama, niseme hayupo?"

Nililia. Sikuwa nimelia tangu mazishi. Tulikaa hivyo mpaka kengele ilipolia, kisha akavaa viatu vyake akaondoka bila kusema ndiyo wala hapana.

Asubuhi iliyofuata alikuja watoto wakiwa wameshakaa. Hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye dawati la Lugano akaketi. Saa ya hewa ilisoma elfu tatu. Ipyana alikuwa amelaza kichwa mezani, na wengi walikuwa hivyo hivyo.

Nikaita majina. Walioitika waliitika kwa kujivuta. Nikafika.

"Lugano Mwasomola."

Mama akafungua kinywa, akakifunga. Tulimngoja. Ilikuwa kama kumngoja mtu anayeshuka kisimani kwa kamba. Mwisho akasema, "Lugano... hayupo."

Tangi likatokota. "Sauti ya mzazi imetambuliwa," pafu likasema. Kisha likasema, "Lugano yupo. Anapumua."

"Anapumua tangu siku chache zilizopita, saa za mchana," likaendelea kwa sauti yake ile ya taarifa ya habari. "Pumzi ni fupi, ina filimbi upande wa kushoto. Ni pumzi yake. Hewa inamsaidia. Naongeza hewa."

Nilimtazama mama, nikaona mwanga umemjaa usoni, mwanga ambao sitaki kuuona tena kwa mtu yeyote. Alishika kingo za dawati kwa mikono miwili. Alikuwa akihema, na kwa kuwa darasa lilikuwa kimya, wote tuliisikia ile filimbi nyembamba, upande wa kushoto, ikitoka kwenye kifua chake yeye. Mtoto hurithi kifua cha mama yake kama anavyorithi pua.

"Amerudi," alinong'ona. "Mwalimu, umesikia? Amerudi."

"Mama Lugano," nikasema, "ni wewe."

Alijua. Niliona anajua. Lakini alibaki pale anavuta na kutoa, anavuta na kutoa, na kila alipotoa pafu lilimwongezea, na saa juu ya mlango ikapanda. Kwa kupumua tu angeweza kuwa na mtoto. Angekuja kila siku akae naye mpaka mmoja wao achoke, na pafu lisingechoka.

Mtoto wa safu ya mbele akatapika mezani. Hakulia hata, alifuta mdomo kwa mkono wa sweta, akaweka kichwa pembeni ya matapishi akafumba macho.

Mama alimtazama mtoto yule kwa muda mrefu. Kisha akainuka. Aliinuka kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia mapajani, akiogopa kumwamsha. Akapita katikati ya madawati hadi ubaoni, akasimama karibu yangu, khanga ameikusanya kwenye mdomo na pua ili pumzi yake isifike kule alikotoka. Dawati likabaki tupu. Akaniashiria kwa kichwa.

"Lugano Mwasomola," niliita.

Akashusha khanga.

"Lugano hayupo," alisema. "Alikufa nyumbani kwangu. Nilimwosha, nikamvika gauni lake la kipaimara, nikamzika. Mwacheni. Mwacheni apumzike."

Pafu lilinyamaza. Tangi nalo likatulia, hata viputo vikakoma, na kwa muda huo chumba hakikuwa na pumzi ila zetu. "Jina limeondolewa," likasema. "Poleni."

Upepo kwenye dawati la ukutani ukafa. Watoto waliuhisi, niliona mabega yao yakishuka. Hewa ikaanza kuja kwenye matundu mengine, kwanza kidogo, halafu kwa wingi, na vichwa vikaanza kuinuka kimoja kimoja. Ipyana akakaa wima akapepesa macho. Mtu akakohoa, mtu akaomba ruhusa ya kwenda kunawa. Nilikuwa nataka kumshika mama yule mkono, nimwambie asante, lakini neno lenyewe lilionekana dogo, na kabla sijalipata karatasi zikaanza kupeperuka.

Zilianza safu ya mbele. Upepo ulikuwa unatembea. Ulipita dawati hadi dawati, unasimama kidogo, unasikiliza, unaendelea. Nilikuwa nimesahau kanuni: dhaifu kwanza. Watoto hawakuisahau. Kila ulipomfikia mmoja alikaza mwili na kushikilia daftari lake, na ulipompita alishusha pumzi. Wote tulidhani tunajua unakokwenda, na wengi waligeuka kumtazama Ipyana. Ulimfika. Ukamsikiliza. Ukampita.

Ulisimama kwa Atupele. Ukosi wa shati lake ukaanza kutikisika, kisha nywele za kwenye paji, na haukuondoka.

"Si mimi," alisema. Alisimama, upepo ukasimama naye. "Mwalimu, mimi siumwi. Mimi nawashinda wote mbio. Liambie limekosea!" Sauti ile ya kuita ng'ombe ilipasuka katikati. Jirani yake wa benchi alikuwa ameshasogea mpaka ukingoni.

Nilifungua kinywa nimtulize, niseme neno lolote la mwalimu. Mama Lugano alinitangulia. Aliketi kwenye nafasi iliyoachwa na jirani, akamshusha Atupele taratibu, akaweka sikio mgongoni kwake. Alisikiliza muda mrefu, macho ameyafumba.

Alipoinua kichwa hakumtazama mtoto. Alinitazama mimi.

"Upepo huu ulimfuata mwanangu miaka miwili," alisema. "Watoto waliuona. Wewe uliuona. Mkamtania ana feni. Mimi nyumbani aliniambia kifua kinabana kidogo, mama, nikamwamini. Hakuna hata mmoja wenu aliyekuja kunigongea mlango aniambie chombo chenu kimemchagua."

Chombo kilikuwa kinamtunza. Ndivyo tulivyodhani, na tukaendelea na hesabu.

"Huyu mama yake anaitwa nani?" akauliza.

Niliweka chaki mezani. Kipindi kilikuwa ndiyo kwanza kinaanza. Nikamuuliza Atupele njia ya kwenda kwao.